Shule za Urubani Zihamishwe Wilson, Lakini si kwa Sababu Tunayoambiwa

Tangu Machi 5, 2024, ndege ya mafunzo aina ya Cessna 172 ilipogongana angani na Dash 8 ya abiria iliyokuwa ndiyo kwanza imeruka kutoka uwanja wa ndege wa Wilson kwenda Diani, mazungumzo kuhusu shule za urubani jijini Nairobi yamekwama kwenye neno moja: zihamishwe. Mwalimu na mwanafunzi wake walipoteza maisha na mabaki ya ndege yao yakaangukia Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Dash 8, iliyokuwa na watu 44, ilirudi na kutua salama. Wanaotaka shule ziondoke wana hoja ya wazi: uwanja ni mdogo, ndege za watalii ni nyingi, na wanafunzi wanazunguka humo humo. Sibishani nao kuhusu msongamano. Miaka minne kabla ya hapo, Februari 2020, ndege mbili za injini mbili zilizokuwa kwenye safari za mafunzo ziligongana karibu na Mangalore, jimbo la Victoria nchini Australia, na watu wanne wakafa. Kule hakukuwa na msongamano wa kufananishwa na wa Wilson, na bado zilikutana. Kugongana angani ni tatizo la kweli, nalo lina wataalamu wake.

Ninachobishia ni jinsi mjadala huu unavyozichukulia ajali zote za mafunzo kama ajali za aina moja. Mwanafunzi anapotoka kwenye Cessna ya injini moja na kupanda ndege ndogo ya injini mbili, hatari kubwa haiko tena nje ya dirisha. Iko ndani ya zoezi lenyewe, kwa sababu kuanzia hapo kazi ya mwalimu ni kumnyang'anya injini moja kwa makusudi ili aone atafanya nini. Zoezi hilo limeua marubani wenye uzoefu mkubwa, kwenye anga tupu, katika ndege ambazo hazikuwa na hitilafu. Nairobi inaongeza jambo la pili ambalo halisemwi sana: uwanja wa Wilson uko futi 5,536 juu ya usawa wa bahari, na kimo hicho kinaila karibu akiba yote ya nguvu ambayo ndege ya aina hii inayo inapobaki na injini moja. Kwa hiyo tukihamisha shule kwa kuangalia msongamano peke yake, tunaweza kutumia fedha nyingi na kulihamisha tatizo likiwa zima.

Nianze na imani inayopotosha watu wengi, hata wazazi wanaolipa ada: kwamba injini mbili ni usalama mara mbili. Kwa ndege kubwa ya abiria imani hiyo ina msingi, maana sheria inaitaka iweze kupaa hata injini moja ikifa wakati inaruka. Kwa ndege ndogo mambo ni tofauti. Kanuni za Marekani ambazo ndege nyingi za mafunzo tunazozijua zilithibitishwa chini yake, zile za kabla ya 2017, hazikuitaka ndege ya injini mbili yenye uzito wa hadi pauni 6,000 na mwendo mdogo wa kutua ionyeshe kwamba inaweza kupaa kwa injini moja. Mtengenezaji alitakiwa kupima tu na kuandika kilichopatikana, hata kama ni kushuka. Piper Seminole, ndege inayotumika duniani kote kufundishia hatua hii, iko kwenye kundi hilo.

Tazama namba zake. Kwa injini zote mbili, ikiwa na uzito kamili na kwenye usawa wa bahari, Seminole hupaa takriban futi 1,300 kwa dakika. Zima injini moja, laza mapanga ya propela yake ili yasikinge upepo, inua magurudumu, shika mwendo sahihi wa noti 88, yaani kama kilomita 163 kwa saa, na itapaa kama futi 210 kwa dakika. Umepoteza nusu ya nguvu, lakini zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wa kupaa umekwenda nayo, kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu iliyobaki inaishia kuiweka ndege hewani tu. Kwa lugha ya ardhini, baada ya dakika nzima utakuwa umesogea mbele kilomita 2.7 na kupanda mita 64. Hiyo ni hali ya hewa ya kitabuni, ndege mpya, rubani asiyekosea kitu. Chelewa kulaza mapanga, au acha magurudumu chini, na hizo futi 210 zinageuka kuwa kushuka.

Ipandishe sasa ndege hiyo hiyo hadi Nairobi. Kimo ambacho Seminole isiyo na turbo, yaani kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, inaishiwa uwezo wa maana wa kupaa kwa injini moja ni karibu futi 4,000. Njia ya kurukia ya Wilson iko juu ya hapo kwa zaidi ya futi 1,500, kabla hujaongeza joto. Mchana wenye nyuzi 25, hewa ya Wilson ni nyembamba kama ya futi 8,000 hivi, na injini isiyo na turbo inakuwa imepoteza takriban robo ya nguvu zake. Injini moja ikifa hapo muda mfupi baada ya kuruka, cha kuamua ni utaangukia wapi kwa utaratibu. Ukisimama upande wa Barabara ya Lang'ata unaona jibu halina raha: mbuga kusini, Kibera kaskazini, na kati yake maghorofa. Ndiyo maana ndege zenye turbo, kama Seneca za toleo la pili na kuendelea au Diamond DA42, zinafaa zaidi kwa miinuko yetu. Turbo inazuia nguvu zisipungue kwa kimo, lakini haimpi rubani muujiza. Seneca hiyo hiyo kwa injini moja hupaa futi mia mbili na ushei tu kwa dakika, hata ikiwa usawa wa bahari.

Kushindwa kupaa, hata hivyo, si ndiko kunakoua zaidi. Ndege inayoshuka taratibu ikiwa imetulia, mabawa sawa, mara nyingi huacha manusura. Kinachoua ni kupinduka. Injini moja ikisukuma na nyingine ikiburuta, ndege inajaribu kugeuka kama mtumbwi unaopigwa kasia upande mmoja, na rubani anaizuia kwa mguu, kwa kukanyaga pedali ya usukani wa mkia upande wa injini iliyo hai. Usukani huo unafanya kazi kwa sababu ya upepo unaoupitia. Mwendo ukipungua, upepo nao unapungua, mpaka inafika kasi ambayo hata ukikanyaga hadi mwisho ndege inageuka, inalala ubavu na kujigeuza tumbo juu. Kasi hiyo imechorwa kwa mstari mwekundu kwenye kipima mwendo. Mstari wa buluu uko juu yake, na ndio mwendo bora wa kupaa kwa injini moja. Kwenye Seminole wekundu uko noti 56 na buluu noti 88. Mwalimu anayefundisha hatua hii anafanya kazi katikati ya mistari hiyo miwili, na mwanafunzi ambaye kwa silika anavuta usukani wa mkononi ili ndege ipande anakuwa anausogelea ule mwekundu yeye mwenyewe.

Hapa tunakutana na hoja inayotolewa mara nyingi, na kwangu ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba ajali hizi ni za wanafunzi wasio na saa za kutosha, basi saa ziongezwe na waalimu wakongwe ndio washike kazi. Mei 30, 2017, ndege ndogo aina ya Cessna 441 yenye propela mbili iliruka kutoka uwanja wa Renmark, kusini mwa Australia. Ndani walikuwamo watu watatu, na wote walikuwa marubani. Mmoja alikuwa mwajiriwa mpya aliyekuwa akipimwa, rubani mzoefu. Wa pili alikuwa rubani mkuu wa kampuni. Wa tatu alikuwa mkaguzi wa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, aliyekuwa akimtazama rubani mkuu akifanya kazi ya kupima wengine. Baada ya kuruka, kama ilivyopangwa, waliigiza kufa kwa injini moja. Ndege haikupata mwendo wala kupaa kulikotarajiwa. Zoezi halikusitishwa kwa wakati, udhibiti ukapotea wakiwa chini mno kuweza kujinasua, na wote watatu wakafa.

Ripoti ya wachunguzi wa Australia ilibaini kwamba utaratibu wa kuigiza kufa kwa injini ulioandikwa kwenye kitabu cha mafunzo cha kampuni haukufaa kwa ndege ya aina ile, na kwamba ukifuatwa ulivyo unaongeza hatari ya kupoteza udhibiti. Kosa lilikuwa limeandikwa tayari kabla mtu hajafunga mkanda. Ungeongeza saa ngapi hapo? Uzoefu ulikuwapo. Usimamizi wa serikali, ambao sisi tunaulilia kila ajali inapotokea, ulikuwa umeketi ndani ya ndege yenyewe.

Miaka saba kabla ya Renmark, Machi 22, 2010, ndege kubwa kidogo aina ya Embraer Brasilia ilianguka Darwin muda mfupi baada ya kuruka, ikiwa kwenye safari ya mafunzo, na marubani wote wawili wakafa. Naileta hapa kwa sababu ya kitu kimoja kidogo kinachofaa kutazamwa kwa karibu. Injini ya kweli inapokufa kwenye ndege ile, mapanga ya propela hujilaza yenyewe na kuacha kukinga upepo. Mwalimu anayeigiza hali hiyo hapaswi kurudisha wenzo wa nguvu hadi mwisho, anatakiwa auache mahali ambapo propela haisukumi wala haiburuti. Darwin wenzo ulirudishwa hadi kile ambacho mafundi wetu wa gereji wangekiita sailensa, yaani injini inanguruma polepole bila kusukuma. Injini ikiwa kwenye sailensa, mapanga yanabaki yamekabili upepo na yanageuka kuwa breki upande mmoja wa ndege. Rubani aliyekuwa akipimwa akapewa tatizo kubwa kuliko lile alilotakiwa kulitatua: injini iliyokufa pamoja na propela iliyokataa kujilaza, vyote kwa wakati mmoja, na mwendo ukiwa hauna akiba. Tofauti kati ya zoezi na ajali ilikuwa sentimita chache za wenzo.

Wapo wanaosoma ajali hizi na kufikia mwisho mwingine: zoezi lipigwe marufuku ndani ya ndege, lifanyike kwenye simuleta tu, mashine ya ardhini inayoigiza ndege. Hoja hii ina uzito na siitupi. Kwenye simuleta mwalimu anaweza kuua injini futi 50 baada ya kuruka, mara ishirini asubuhi moja, na mwanafunzi akapindua ndege, akafa kwenye skrini, kisha akanywa chai. Anajifunza kitu ambacho ndege halisi haiwezi kumfundisha, yaani kosa linavyoonekana linapofikia mwisho wake. Baada ya Darwin, Australia yenyewe ilisukuma mazoezi ya namna ile kwenye simuleta kwa ndege za abiria za ukubwa huo. Lakini simuleta nyingi za ndege ndogo zimekaa mahali pamoja, hazitikisiki. Mguu hausikii uzito halisi wa pedali na makalio hayasikii ndege ikiteleza kwa ubavu. Rubani ambaye hajawahi kusikia hivyo mwilini atakutana navyo mara ya kwanza siku ambayo injini imekufa kweli. Kwa hiyo sehemu ya zoezi lazima ibaki angani, na tunachopaswa kukiamua ni ibaki ipi, na kwa kimo gani.

Mwongozo wa Marekani unalijibu hilo kwa namna inayoeleweka. Kuizima injini kweli, kwa kukata mafuta, kusifanyike chini ya futi 3,000 juu ya ardhi. Chini ya hapo mwalimu arudishe wenzo taratibu, ili injini iweze kurudishiwa nguvu papo hapo. Na onyesho la kasi ile ya mstari mwekundu lifanyike mahali ambapo ndege itajinasua ikiwa bado juu ya futi 3,000. Kanuni nzuri, ila imeandikwa na watu ambao wengi wao hawafundishi kwenye miinuko kama yetu, na hapa Nairobi ina mtego wake. Kwa injini zisizo na turbo, kadiri unavyopanda ndivyo nguvu ya injini iliyo hai inavyopungua, na ule mwendo wa kupoteza udhibiti unashuka nao. Mwendo ambao mabawa yanaacha kunyanyua haushuki kwenye kipimo. Futi 3,000 juu ya ardhi ya Nairobi ni zaidi ya futi 8,500 juu ya bahari. Kwa kimo hicho mwanafunzi anaweza kukuta mabawa yameacha kunyanyua kabla hajauona mstari mwekundu, injini moja ikivuta kwa nguvu, na hayo ndiyo mazingira kamili ya ndege kuanza kuzunguka kama pia. Ndege nyingi za injini mbili hazikuwahi kujaribiwa kutoka kwenye mzunguko huo. Ukienda juu ili uwe salama dhidi ya ardhi, unajisogeza kwenye hatari nyingine, na mwalimu asiyeijua hesabu hiyo atadhani anafuata kanuni.

Ndiyo maana nasema suala la kuhama ni la kimo kabla halijawa la msongamano. Soroti nchini Uganda, kilipo chuo cha urubani cha Afrika Mashariki kilichoanzishwa 1971, ni karibu futi 3,700. Arusha ni kama futi 4,500, nafuu kuliko Nairobi lakini si sana. Malindi, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam, Zanzibar, zote ziko karibu na usawa wa bahari, zenye joto kweli, lakini hewa yao bado ni nzito kuliko ya Wilson ya asubuhi ya baridi. Kuzihamishia shule uwanja mwingine wa nyanda za juu uliotulia, wa futi 5,000 au 6,000, kungepunguza kugongana na kuacha zoezi la injini moja likiwa na hatari ile ile. Kupeleka pwani hatua ya injini mbili peke yake, ambayo huchukua saa chache tu ukilinganisha na mafunzo yote, kungewezekana hata kesho bila kuhamisha shule yoyote. Mwanafunzi afundishwe Cessna yake Nairobi, kisha ashuke Malindi kwa wiki moja au mbili. Gharama za malazi zipo, ndiyo. Hazikaribii bei ya ndege.

Kuhusu bei ya simuleta, ambayo wenye shule hulalamikia, nakubali kwamba shule moja yenye ndege nne haiwezi kubeba mzigo huo. Lakini nani alisema kila shule iwe na yake? Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, ulioanzishwa 2007 na wenye makao Entebbe, na kazi yake ni kuoanisha kanuni za nchi wanachama. Simuleta moja iliyoidhinishwa na nchi zote, ambayo saa zake zinatambuliwa Nairobi, Dar na Kigali sawasawa, ingejaa wanafunzi mwaka mzima. Kikwazo ni karatasi za mamlaka moja kuutambua mhuri wa mamlaka nyingine.

Kuna jambo la ajabu katika soko letu linalofanya haya yote yawe mazito zaidi. Kijana akishalipa fedha nyingi kupata leseni ya injini mbili, mara nyingi kazi yake ya kwanza ni kurusha Cessna Caravan kupeleka watalii Maasai Mara au Serengeti, na Caravan ina injini moja. Anaweza kukaa huko miaka bila kugusa ndege ya injini mbili. Siku anapoitwa kwenye ndege kubwa zaidi, ule mguu aliofundishwa kukanyaga umeshasahau. Hapo mwajiri anampeleka kwenye safari ya kumpima, akiwa na mkongwe pembeni, wote wawili wakiaminiana kwa sababu ya saa zao nyingi. Yaani wanajikuta mahali pale pale walipokuwa wale wa Renmark. Kanuni zinazomlinda mwanafunzi wa shule pekee zinamwacha nje huyu, na kwa maoni yangu ndiye aliye hatarini zaidi.

Kilichobaki ni mtihani. Shule hufundisha kile ambacho mtahini atakiomba, na kama mtahini anataka kuona injini ikifa futi 300 baada ya kuruka Wilson, shule italifanya zoezi hilo futi 300 baada ya kuruka Wilson, tena mara nyingi, hata ripoti za Australia ziseme nini. Mamlaka za Kenya, Tanzania na Uganda hazihitaji bunge wala bajeti kubadilisha karatasi ya mtihani. Zinaweza kuandika kimo cha chini cha kuigiza kufa kwa injini kwa kila uwanja kulingana na mwinuko wake. Zinaweza kuandika mwendo ambao ukiguswa zoezi linavunjwa na nguvu zinarudishwa pande zote mbili bila mjadala, awe nani kwenye kiti cha kulia anachokalia mwalimu. Na zinaweza kumtaka kila mwenye shule alete kitabu chake cha mafunzo, ukurasa wa kuigiza kufa kwa injini, usomwe pamoja na kitabu cha mtengenezaji wa ndege husika kabla mwanafunzi anayefuata hajaruka.